Usokotaji na ufumaji wa sufu Shetland

Usokotaji na ufumaji wa sufu Shetland ni kazi ya mikono ya kugeuza manyoya ya kondoo kuwa uzi, na uzi huo kuwa soksi, glavu, sweta na shali, kama inavyofanywa katika Visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti (Ufalme wa Muungano). Kwa zaidi ya miaka 300 wanawake wa visiwa hivyo wamefuma kwa mahitaji ya nyumbani na kwa biashara, na kwa sehemu kubwa ya muda huo uzi waliusokota wenyewe. Kazi yao inajulikana duniani kwa mambo mawili: shali nyembamba kiasi cha kupita ndani ya pete ya ndoa, na sweta za rangi nyingi za kisiwa cha Fair Isle. Jambo la tatu hutajwa mara chache: katika karne ya 19 wengi wa wafumaji hao walilipwa kwa chai na vitambaa, wala hawakupewa fedha.

Makala hii inaeleza kazi yenyewe kuanzia kwa kondoo hadi kwenye vazi, jinsi mtu anavyojifunza kusokota, na kwa nini tabia ya sweta au shali huamuliwa na msokoto wa uzi kabla sindano hazijashikwa.

Maneno yanayotumika

Sufu ni manyoya laini yanayoota mwilini mwa kondoo. Neno hili limetoka katika Kiarabu. Lisichanganywe na sufi, yaani pamba nyepesi ya mti wa msufi ambayo hutiwa ndani ya mito na magodoro. Wanafunzi wengi huyachanganya maneno hayo mawili, lakini vitu vyenyewe ni tofauti kabisa: nyuzinyuzi za sufi ni fupi na telezi, hivyo ni vigumu kuzisokota zikawa uzi.

Kitenzi kufuma nacho kina maana zaidi ya moja. Mfumaji wa vitambaa hupitisha nyuzi za mlalo kati ya nyuzi za wima kwenye mtambo. Mfumaji wa sweta hutumia sindano mbili au zaidi, ndefu na zisizo na tundu, akitengeneza kitanzi kimoja baada ya kingine kwa uzi usiokatika. Hapa kinazungumziwa kufuma kwa sindano. Kitambaa cha vitanzi hunyumbuka, ndiyo maana soksi hushika mguu. Na kwa sababu hiyohiyo huonyesha wazi kila kasoro iliyomo katika uzi.

Kondoo na manyoya yake

Shetland iko karibu na nyuzi 60 za latitudo ya kaskazini, kati ya Uskoti na Norwei. Upepo ni mkali, miti ni michache, na malisho ni duni. Visiwa vilikuwa chini ya utawala wa Skandinavia hadi mwaka 1469, vilipowekwa rehani kwa mfalme wa Uskoti. Kondoo wa huko wanafanana na kondoo wadogo wenye mkia mfupi wanaopatikana kote kaskazini mwa Ulaya. Jike aliyekomaa ana uzito wa kilogramu 35 hadi 45 hivi, na manyoya yake ya mwaka mzima huwa na uzito wa kilogramu moja hadi moja na nusu tu. Kwa mfugaji wa kisasa anayeuza sufu kwa tani, hayo ni mavuno ya kusikitisha.

Thamani yake iko katika ulaini. Unywele mmoja wa kondoo wa Shetland una unene wa takriban mikromita 23, wakati unywele wa binadamu huwa na mikromita 50 hadi 100. Sufu ya shingoni na mabegani ni nyembamba zaidi, na hiyo ndiyo iliyotengwa kwa ajili ya shali. Sufu ya ubavuni ilifaa sweta na soksi. Ile ya mapajani, iliyo ngumu, ilikwenda kwenye nguo za kazi na mablanketi. Kondoo mmoja basi alitoa sufu za namna kadhaa, na kazi ya kwanza ya msokotaji ilikuwa kuzichambua kwa macho na vidole.

Rangi nazo ni nyingi. Mbali na nyeupe kuna nyeusi, kijivu cha aina mbalimbali, kahawia na rangi ya asali, na kila moja ina jina lake katika lahaja ya visiwani: kahawia yenye wekundu huitwa moorit, kijivu iliyokolea huitwa shaela, na kijivu yenye kibuluu huitwa emsket. Mfumaji aliweza kupata vazi la rangi tano bila kutia rangi hata uzi mmoja.

Kwa desturi kondoo hao hawakukatwa manyoya kwa mkasi. Mwanzoni mwa majira ya joto, manyoya ya zamani hulegea yenyewe wakati mapya yanapoanza kuota chini yake, na mfugaji huyanyonyoa kwa mkono bila kumuumiza mnyama. Njia hii ni ya polepole, lakini ina faida kwa msokotaji: kila unywele unabaki na ncha yake ya asili, wala hakuna vipande vifupi vya kukatwa mara mbili ambavyo baadaye hujitokeza katika uzi kama chembe.

Kuandaa sufu

Sufu mbichi ina nta ya asili iitwayo lanolini, jasho lililokauka, udongo na majani. Inaweza kuoshwa kabla ya kusokotwa au baadaye. Kinachohitajika ni maji ya moto, sabuni kidogo na uvumilivu. Sufu huzamishwa na kuachwa, kisha hutolewa na kuwekwa katika maji mengine yenye joto lilelile. Haisuguliwi. Uso wa kila unywele wa sufu una magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae vya paa. Ukisugua sufu katika maji ya moto, magamba hayo hushikana na manyoya yote hugeuka kuwa bonge gumu lisilofunguka tena. Aliyewahi kufua sweta ya sufu kama anavyofua shati, akaitoa ikiwa na ukubwa wa mtoto, ameshaliona jambo hili.

Baada ya kukauka, sufu huchambuliwa kwa vidole, kisha huchanwa. Kuna njia mbili, na matokeo yake hayafanani. Kwa brashi mbili zenye meno ya waya, nyuzinyuzi hutawanywa kila upande na kuviringishwa kuwa mkunjo mwepesi uliojaa hewa. Uzi wake huwa wa joto na wenye manyoyamanyoya. Kwa chanuo lenye meno marefu ya chuma, nyuzinyuzi fupi hutolewa na ndefu hulazwa sambamba. Uzi wake huwa laini, imara na mwembamba. Uzi wa shali nyembamba ulitoka kwa njia hii ya pili.

Msokoto unafanya nini

Ukichukua kifungu cha sufu iliyochanwa na kukivuta polepole, kinakuwa chembamba, kisha kinaachana. Ukikivuta huku ukikisokota, hakiachani tena. Msokoto hubana nyuzinyuzi moja dhidi ya nyingine, magamba hushikana, na kadiri unavyozidi kuvuta ndivyo zinavyobanana zaidi. Kanuni hii inajulikana na kila anayetengeneza kamba. Wanawake wa Ukambani nchini Kenya wanaosokota nyuzi za mkonge juu ya paja kwa ajili ya vyondo wanaifuata hiyohiyo.

Kifaa cha zamani na rahisi kuliko vyote ni kijiti chenye kisahani kizito upande mmoja, kinachozungushwa kama pia ya watoto kikiwa kinaning'inia kwenye uzi. Kijiti huwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30, na kifaa chote kina uzito wa gramu 30 hadi 60. Kizito huzunguka muda mrefu lakini hukata uzi mwembamba. Chepesi hufaa uzi mwembamba lakini husimama upesi. Gurudumu la kusokotea, linaloendeshwa kwa mguu, hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi kwa sababu linasokota na kukunja uzi kwa wakati mmoja. Katika nyumba za Shetland lilitumika gurudumu dogo la wima lisilochukua nafasi kubwa kando ya moto.

Kujifunza kusokota

Mwanafunzi wa kusokota hukutana na shida moja kabla ya nyingine zote: mikono miwili inatakiwa kufanya mambo matatu. Kijiti kinahitaji kuzungushwa, sufu inahitaji kuvutwa, na msokoto unahitaji kuzuiwa usipande haraka hadi kwenye sufu ambayo bado haijavutwa. Ukifika huko mapema, sufu hujifunga na haivutiki tena. Ukichelewa, uzi hukatika na kijiti huanguka chini, mara nyingi kisahani kikitangulia.

Njia inayowasaidia wengi ni kuyatenganisha mambo hayo. Mwanafunzi hufunga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, hukizungusha hadi msokoto ujae, kisha hukibana katikati ya magoti kisizunguke. Sasa mikono yote miwili iko huru. Mkono mmoja hubana mahali msokoto ulipoishia. Mwingine huvuta sufu kidogo kidogo hadi unene unaotakiwa. Ndipo vidole vya kwanza hulegezwa ili msokoto uingie katika sehemu iliyovutwa. Kipande hicho kikishakuwa uzi, hukunjwa kwenye kijiti na kazi huanza upya. Ni kazi ya polepole kama ya konokono, lakini haikatishi tamaa. Baada ya siku kadhaa mikono huzoea, na mwanafunzi hujikuta ameacha kukibana kijiti bila kujua ni lini.

Kosa la kawaida ni kuvuta kwa nguvu. Umbali kati ya mikono miwili unatakiwa uzidi kidogo urefu wa unywele mmoja wa sufu inayosokotwa, ambao kwa kondoo wa Shetland ni sentimita 5 hadi 12. Mikono ikiwa karibu kuliko hapo, mtu anavuta ncha mbili za unywele uleule, na sufu haiwezi kunyooka hata akivuta hadi jioni. Mwanafunzi hudhani sufu ni mbaya, kumbe mikono imekaribiana.

Jambo la pili ni kwamba msokoto hukimbilia mahali pembamba. Uzi wa mwanafunzi huwa na sehemu nene na sehemu nyembamba. Nyembamba hupokea msokoto wote na kuwa ngumu kama waya, nene hubaki bila msokoto na kuachana. Tiba yake ni kuvuta sufu kwa kipimo kimoja, jambo ambalo vidole hujifunza na maneno hayawezi kulifundisha. Ili kupima kama msokoto unatosha, msokotaji huulegeza uzi kidogo na kuuacha ujikunje wenyewe: ukijisokota mara chache na kutulia, ni sawa, ukijifunga mafundo mafundo, umezidi, usipojikunja kabisa, utakatika.

Kuunganisha nyuzi mbili

Uzi uliosokotwa mara moja una nguvu ndani yake inayotaka kurudi nyuma. Ukifumwa hivyohivyo katika kitambaa cha kawaida, kitambaa hupinda upande mmoja: sweta iliyopimwa vizuri hugeuka, na mshono wa ubavuni huja mbele ya tumbo. Hakuna kupiga pasi kutakakoiponya. Fundi wa sindano anaweza kuhesabu vitanzi bila kukosea hata kimoja na bado akatoa vazi lililopinda, kwa sababu kosa lilifanyika kwenye kijiti.

Ndiyo maana nyuzi mbili huunganishwa. Kama zilisokotwa kuelekea upande wa mishale ya saa, huunganishwa kwa kuzungusha kijiti upande wa pili. Msokoto wa kwanza hupungua kidogo, wa pili huongezeka, na nguvu hizo mbili hupingana hadi zinatulia. Uzi uliosawazika hujulikana kwa kuushika uning'inie kama mkufu shingoni: ukibaki wazi bila kujizungusha, uko tayari. Kisha huzamishwa katika maji ya uvuguvugu, hukung'utwa, na kuning'inizwa ukauke. Nyuzi mbili pia huficha kasoro, kwa kuwa mara nyingi sehemu nene ya mmoja hukutana na sehemu nyembamba ya mwingine.

Wafumaji wa Shetland waliijua kanuni hii vya kutosha kuivunja. Baadhi ya shali nyembamba kabisa zilifumwa kwa uzi mmoja usiounganishwa. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu lesi huwa na mashimo mengi na safu za vitanzi vya mbele na nyuma vinavyopokezana, hivyo nguvu ya kupinda hutawanyika.

Kufuma kwa uzi wa mkono

Uzi wa dukani huja na karatasi inayotaja ukubwa wa sindano. Uzi wa mkono hauna karatasi. Mfumaji huuzungusha kwenye rula bila kuukaza na kuhesabu mizunguko inayoingia katika sentimita chache, kisha hufuma kipande cha majaribio chenye upana wa kiganja, hukiosha, na kukipima kikiwa kimekauka. Kukiosha ni lazima, kwa maana uzi wa mkono hujaa baada ya kulowa, na kipande kilichopimwa kabla ya kuoshwa hudanganya. Kwa vazi kubwa hutumia madonge mawili kwa zamu, safu mbili la kwanza, safu mbili la pili. Hivyo tofauti ya uzi wa Januari na uzi wa Machi haionekani kama mstari katikati ya kifua.

Shetland mfumaji alivaa mkanda wa ngozi kiunoni wenye mto mdogo uliojazwa manyoya ya farasi na kutobolewa matundu. Ncha ya sindano ya kulia iliingizwa katika tundu mojawapo, na mkanda ukabeba uzito wa kazi. Mkono wa kulia uliobaki huru ulirusha uzi kwa kasi kubwa, na mtu aliweza kufuma akiwa amesimama au akitembea. Picha nyingi za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zinaonyesha wanawake waliobeba mgongoni kapu la mboji iliyokatwa ardhini na kukaushwa ili iwe kuni, mikono yao ikifuma njiani. Picha hizo ziliuzwa kwa watalii kama kadi za posta. Wanaozitazama leo huvutiwa na ustadi, lakini zinaonyesha pia kwamba hapakuwa na saa ya siku ambayo mikono hiyo ilipumzika. Watoto wa kike walianza kujifunza wakiwa na miaka minne au mitano.

Soksi, shali na Fair Isle

Ushahidi mzuri wa zamani ulipatikana mwezi wa Mei 1951, wanaume wawili waliokuwa wakikata mboji karibu na Gunnister walipokuta kaburi la mtu asiyejulikana. Mwili ulikuwa karibu umeisha, lakini nguo za sufu zilihifadhiwa na ile mboji: kofia, glavu, soksi ndefu, na kijifuko cha fedha kilichofumwa kwa nakshi za rangi. Ndani ya kijifuko kulikuwa na sarafu tatu, mbili za Kiholanzi na moja ya Kiswidi, ya mwisho kati yake ikiwa ya mwaka 1690. Sarafu za Kiholanzi si ajabu. Katika karne ya 17 wavuvi wa Uholanzi walifika kila mwaka karibu na mahali ulipo sasa mji wa Lerwick kuvua heringi, na wenyeji waliwauzia soksi.

Biashara ya soksi ilipodhoofika mbele ya soksi za mashine, wafumaji waligeukia lesi. Kufikia miaka ya 1840 shali za Shetland zilikuwa fasheni nchini Uingereza. Zilizosifiwa kuliko zote zilitoka kisiwa cha Unst. Shali ya mraba yenye upande wa karibu mita 1.8 iliweza kuwa na uzito wa gramu 60 hadi 80 tu, ingawa ndani yake kulikuwa na uzi wa zaidi ya kilomita moja. Baada ya kufumwa ilioshwa, nyeupe zikafukizwa kwa moshi wa salfa ili zing'ae, kisha ikatandazwa na kuvutwa kwenye fremu hadi ikakauka. Shali isiyotandazwa inafanana na kitambaa kilichokunjamana. Nakshi hujitokeza inapovutwa. Hatua hii ndiyo inayofichua uzi dhaifu, kwa sababu hukatikia hapo, baada ya miezi ya kazi.

Fair Isle, kisiwa kidogo kati ya Shetland na Orkney, kina mtindo mwingine. Kila safu hufumwa kwa rangi mbili. Rangi isiyotumika hupita nyuma ya kitambaa, na hivyo sweta huwa na tabaka mbili za joto. Mtindo huu ulienea sana miaka ya 1920, baada ya mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Edward VIII, kuonekana akivaa sweta ya namna hiyo kwenye gofu.

Malipo

Katika karne ya 19 mwanamke wa Shetland aliuza kazi yake kwa njia mbili. Aliyekuwa na kondoo alisokota na kufuma sufu yake, akapeleka shali dukani. Asiyekuwa na kondoo alipewa uzi na mwenye duka na kulipwa kwa ufundi tu. Kwa vyovyote vile malipo yalikuwa bidhaa za duka lilelile, hasa chai, sukari na vitambaa, kwa bei iliyopangwa na mwenye duka. Aliyetaka kuacha sehemu ya malipo yake kwa ajili ya baadaye alipewa cheti cha kununulia hapohapo.

Mwaka 1872 tume ya serikali iliyochunguza mfumo huu iliwasikiliza mashahidi wengi visiwani. Wanawake walieleza jinsi walivyolazimika kuchukua chai wasiyoihitaji, kisha kuizungusha kwa wakulima wabadilishane nao kwa unga au viazi, maana duka la nguo halikuuza chakula na kodi ya nyumba hailipwi kwa chai. Wengine walieleza kwamba uzi wa sufu ulihesabiwa kuwa bidhaa ya fedha taslimu: mfumaji alipolipwa kwa bidhaa, uzi haukuwamo kati ya bidhaa alizoweza kuchagua. Wafanyabiashara walijitetea kwamba faida yao katika shali ilikuwa ndogo na kwamba bila kubadilishana bidhaa biashara isingewezekana. Huenda wengine walisema kweli kuhusu faida. Hilo halibadilishi ukweli kwamba mwanamke aliyevaa pete iliyopitisha shali yake hakuwa na shilingi mkononi.

Sheria ya Ufalme wa Muungano ya mwaka 1887 iliwahesabu watu waliotengeneza nyumbani kwao vitu vya kufumwa vyenye thamani ya chini ya pauni tano kama wafanyakazi wanaostahili kulipwa fedha. Kubadilishana kwa bidhaa kuliendelea hata hivyo hadi ndani ya karne ya 20, kwani mfumaji aliyemshtaki mwenye duka pekee wa eneo lake angekosa pa kuuza kesho yake.

Usokotaji wa mkono ndio uliopungua kwanza. Ulikula saa nyingi kuliko kufuma, na viwanda vya bara vilianza kupokea sufu ya visiwa na kuirudisha ikiwa uzi. Kufuma kuliendelea, kwa mkono na kwa mashine za nyumbani, hadi ujenzi wa kituo cha mafuta cha Sullom Voe katika miaka ya 1970 ulipoleta kazi zenye mshahara bora.

Hali ya sasa

Kufuma kulifundishwa katika shule za msingi za Shetland hadi mwaka 2010, halmashauri ya visiwa ilipoamua kuliondoa somo hilo ili kupunguza matumizi. Baadaye watu wa kujitolea walianzisha masomo ya bure kwa watoto kwa jina la Peerie Makkers, yaani wafumaji wadogo katika lahaja ya huko. Tangu mwaka 2010 hufanyika pia wiki ya sufu kila msimu wa vuli, ambapo wageni kutoka nchi nyingi huja kujifunza. Mwaka 2011 sufu ya asili ya Shetland ilipewa ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya, sawa na ule unaopewa jibini na mvinyo. Wasokotaji wa uzi wa lesi wa kiwango cha zamani wamebaki wachache.

Afrika Mashariki

Kondoo wengi wa Afrika Mashariki, kama kondoo wekundu wa Wamasai na kondoo wa Kisomali wenye kichwa cheusi, wana nywele fupi zisizosokoteka, ndiyo maana kazi hii haikuota mizizi kwa wafugaji wa huku. Kondoo wa sufu wa aina za Merino na Corriedale waliletwa na walowezi katika nyanda za juu za Kenya na bado wanafugwa huko. Mjini Nanyuki kuna kikundi cha wanawake kilichoanza miaka ya 1970, ambacho husokota sufu kwa magurudumu na kutengeneza hasa mazulia. Sweta za shule zinazofumwa kwa mashine za mkono katika miji mingi ya Kenya na Tanzania hutumia zaidi uzi wa akriliki, ambao hauna magamba wala haurudi ukubwa wa mtoto ukifuliwa.

Kusokota kwenyewe hata hivyo si kugeni pwani. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani wanaakiolojia wamepata visahani vingi vya kusokotea pamba, vilivyotengenezwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikachongwa duara na kutobolewa tundu katikati. Pamba ni ngumu kuliko sufu kwa anayeanza, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huwa na urefu wa sentimita 2 hadi 4 tu, na hukatika haraka kijiti kinaponing'inia. Mwanafunzi anayetaka kujaribu anaweza kutoboa kigae au kipande cha ubao cha ukubwa huo, akachomeka kijiti kilichonyooka, na kuanza na sufu.